Jicho la Mwamiaji

Mpunga ukishatia maziwa, kazi ya shamba Kagongwa hubadilika. Palizi imekwisha, jembe limewekwa pembeni, maji yametulia kwenye majaruba, na kilichobaki ni kukaa na kutazama. Kuanzia hapo hadi siku ya kuvuna lazima pawe na mtu wa kuamia ndege, tangu alfajiri kabla jua halijachomoza mpaka giza linapoingia. Wasafiri wanaopita barabara ya Isaka kwenda Kahama huijua Kagongwa kwa mashine za kukoboa, kwa vilima vya pumba na kwa malori yanayopakia mchele wa kwenda mbali. Kabla ya kufika kwenye mashine, mchele huo ulilindwa na jicho la mtu, asubuhi hadi jioni, shuke kwa shuke.

Kuamia hupewa watoto na wazee, na kwa sababu hiyo tumezoea kuiona kazi ya yule asiye na kazi. Mimi naiona kuwa miongoni mwa fani ngumu kabisa za ukanda huu, na kila nikienda kutazama ndege na wanyama kwenye maeneo oevu ya hifadhi nazidi kuamini hivyo.

Kuna mama mmoja mwenye majaruba kwenye bonde nje ya mji, ambaye hunikubalia kukaa naye msimu wa kuamia. "Mwangaluka, mayu," namsalimu kwa Kisukuma, naye hujibu bila kugeuza kichwa, maana macho yake yako kazini. Anakaa kwenye ukingo, chini ya kivuli cha mti, na mkononi ameshika ncha ya kamba. Kamba hiyo imepita jaruba hadi jaruba juu ya vijiti, imefungwa makopo yenye kokoto na vipande vya mifuko ya nailoni. Akivuta mara moja, shamba zima linapiga kelele. Ana debe la kugonga na manati ya akiba, na kuna sanamu mbili za matambara katikati ya mpunga, ila hizo, kama anavyosema mwenyewe, ndege huzizoea mapema kuliko mtoto anavyomzoea mgeni.

Ufundi wake hauko kwenye kuvuta kamba. Uko kwenye kutovuta. Akivuta kila anapoona bawa, ndege watazoea makopo, na mkono wake utakuwa umechoka kabla ya saa tatu asubuhi. Kwa hiyo huchagua. Yangeyange wakija, weupe pepepe, wanatua kwenye ukingo na kuanza kutembea kwa adabu katikati ya mashina, yeye hata hashtuki. "Hao waache," aliniambia. "Hao wanakula panzi wangu. Panzi ndio wanaonila mimi."

Akaja korongo mmoja mweusi, mwenye mdomo ulioacha uwazi katikati hata ukifumbwa. Huyo naye hakuguswa. Anatafuta konokono. Ukimtazama kwa karibu utaona kazi safi: humbana konokono chini, akapitisha ncha ya mdomo wa chini kwenye mlango wa gamba, akaukata msuli unaomshikilia mwenye nyumba, kisha akamtoa mzima. Mara nyingi gamba hubaki palepale bila ufa. Miezi ya mvua huja pia korongo weupe wenye mabawa ya ncha nyeusi, wageni kutoka Ulaya wanaokimbia baridi ya kwao. Wazungu wenyewe walikuwa wakibishana wanakokwenda ndege hao, hadi mwaka 1822 alipopigwa mmoja kaskazini mwa Ujerumani akiwa na mkuki uliotoka Afrika umemchoma shingoni, mrefu karibu sentimita 80, aliokuwa ameruka nao njia nzima. Ndege huyo amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mayu angeweza kuwaambia kwamba ndege wale hupotea kwake mvua zinapokaribia kwisha na kurudi msimu unaofuata.

Adui wake ni kweleakwelea. Peke yake ni ndege mdogo kuliko shomoro, anayekula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Lakini haji peke yake. Kundi linapoingia shambani hujikunja na kujikunjua: walio nyuma, wakikuta mashuke matupu, huwaruka wenzao na kutua mbele, na wale waliopitwa nao huruka tena, hivyo hivyo mpaka ukingo wa mwisho. Mayu anajua kwamba kundi halitui ghafla. Kwanza linazunguka, kisha upande mmoja unalegea, ndege wachache wanashuka kama wanaojaribu maji kwa mguu, na wengine wote wanawasubiri hao. Sekunde hiyo ndiyo anayoingoja. Akivuta mapema, kundi litazunguka na kurudi. Akichelewa, wameshatua, na hata akiwafukuza watakuwa wameshayakunja mashuke na kuyakamua maziwa. Anavuta wale wa kwanza wakiwa wamekunjua miguu, na kundi zima linapanda juu, linahama bonde.

Nasema haya nikijua kwamba makopo na debe havitoshi kila mwaka. Kweleakwelea wakifika kwa mamilioni, Serikali huleta ndege ya kunyunyizia sumu kwenye malalo yao, na mkulima aliyekopa kwa ajili ya mbolea hana sababu ya kuwalilia. Lakini sumu haijui yangeyange ni nani. Huua pia mwewe na bundi na korongo wanaookota kweleakwelea waliokwisha kunywa dawa. Mwamiaji humfukuza mwenye hatia peke yake, na asiye na hatia anaendelea kula panzi umbali wa hatua kumi. Sijaona mtambo wowote wa kilimo wenye uwezo huo.

Ujuzi huohuo niliukuta umevaa sare kisiwani Rubondo.

Kutoka Kagongwa unapita Kahama, Masumbwe na Ushirombo, unapanda kuelekea Bwanga hadi Chato, kisha unashuka ziwani upande wa Muganza na kuvuka kwa boti. Njia nzima ni nchi ya dhahabu na mihogo, na watu wengi garini wanakwenda machimboni. Rubondo ilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na hifadhi ya taifa mwaka 1977. Ina takriban kilomita za mraba 457, zaidi kidogo ya nusu yake ikiwa nchi kavu na iliyobaki maji ya Ziwa Viktoria. Wageni wengi huifuata kwa ajili ya sokwe, wajukuu wa wale walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969 kwa juhudi za mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek, waliokuwa wamekaa kwenye vizimba vya huko kabla ya kuachiwa kisiwani wajifunze upya kuwa wa porini. Habari ya sokwe inastahili makala yake. Mimi nilifuata kingo za kisiwa, pale msitu unapoisha na mafunjo yanapoanza.

Askari aliyetuongoza alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa kandokando ya ziwa, na kama ilivyo desturi kila mmoja alimwita afande. Alituongoza alfajiri kwa miguu. Kabla ya kuingia kwenye njia alichota majani makavu, akayasaga kiganjani na kuyaachia, akatazama yanakoelekea. Kisha akatuambia sheria moja tu: upepo ukivuma tunatembea, upepo ukitulia tunasimama. Nilidhani ni maneno ya kupamba safari mpaka tulipofika kwenye matete. Upepo ukipita, matete yote yanasuguana na kulia, na mlio wa viatu vyetu unazama humo. Upepo ukikata, kila kijiti unachokanyaga kinasikika hadi majini. Basi tukawa tunakwenda kwa vipande, hatua sita, hatua tisa, tunaganda mguu mmoja ukiwa haujakaa sawasawa, tunasubiri ziwa litupe ruhusa nyingine. Yeye alikuwa anaganda bila kuyumba, na katika kuganda huko shingo yake tu ndiyo iliyokuwa ikigeuka, polepole, upande hadi upande.

Tulikuwa tunamtafuta nzohe, swala wa kinamasi, mnyama ambaye mwili wake wote umeumbwa kwa maji. Kwato zake ni ndefu na hutanuka, zikamwezesha kupita juu ya mizizi na majani yaliyojilaza ambapo sisi tungezama mapajani. Kwenye nchi ngumu huenda kwa kuchechemea. Manyoya yake ni marefu na hayashiki maji. Akiogopa sana huingia majini na kubakiza pua. Rubondo hakuna simba wala chui, kwa hiyo nzohe wa kisiwa hiki wana ujasiri wa kupanda hadi msituni, jambo ambalo wenzao wa kwingine hawalithubutu. Bado, mafunjo ni marefu kuliko mtu, na mnyama ana rangi ya mafunjo.

"Msitafute mnyama," afande alinong'ona. "Tafuteni mstari uliolala."

Nikatazama, na kwa mara ya kwanza nikayaona mafunjo yenyewe: maelfu ya mistari iliyosimama, mabua, vivuli vya mabua, mabua yaliyovunjika lakini bado yanaelekea juu. Katika ulimwengu huo wa wima, mgongo wa mnyama ndio pekee unaolala. Huku kwetu kwenye machimbo tunamheshimu mwoshaji anayezungusha karai la mchanga na kuona chembe ambayo wewe umeitazama bila kuiona. Afande alikuwa na jicho la aina hiyo, isipokuwa dhahabu yake ilikuwa na miguu minne na inasikia.

Hakunyoosha kidole. Kidole kikinyooka, alisema baadaye, mnyama huona mkono ukikua. Alituelekeza kwa maneno, taratibu, kama anayemsomea mtu barua: "Ule mti mkavu mnauona. Shukeni nao mpaka kwenye maji. Njooni kushoto, kuna yungiyungi, ua moja jeupe. Juu ya ua, kipande cheusi. Hapo kaeni." Tukakaa. Kipande cheusi kilikuwa kivuli. Halafu kivuli kikapepesa sikio. Sikio likifika machoni pako, mwili mzima unafuata wenyewe: shavu lenye doa jeupe, shingo, pembe mbili zilizojipinda na ncha zake kung'aa, mistari hafifu ya ubavuni, maji yakiwa yamemfika magotini. Alikuwa anakula vichwa vya mafunjo, akikivuta kila kimoja kwa midomo na kukisaga bila haraka. Alikuwa pale tangu tulipofika.

Hatukumkaribia zaidi. Afande alimtazama kidogo, akatazama saa yake, akaturudisha nyuma kwa njia ileile, kwa upepo uleule, mpaka tukawa mbali. Nzohe hakujua tulikuja. Nadhani hilo ndilo alilojivunia zaidi, kwamba tulimwona mnyama na mnyama akaendelea na kifungua kinywa chake.

Jua lilipopanda tulihamia kwenye boti, na huko ndiko nilikouelewa undugu wa fani hizi mbili. Mwendesha boti alizima injini mbali na mawe ambayo mnandi walikuwa wameyajaza, wakianika mabawa. Akachukua upondo, akaanza kusukuma kwenye maji mafupi. Hakuelekeza omo kwa ndege. Alilenga pembeni yao, kama mtu mwenye safari zake, akawapa ubavu wa boti, kisha akageuka kidogo na kulenga upande wa pili, ila kila mzunguko ulitusogeza karibu zaidi. Ndege anayeona kitu kinamjia moja kwa moja huondoka. Kitu kinachopita hukiacha kipite.

Wakati wote huo alikuwa anaangalia shingo zao. Mnandi aliyetulia ana shingo iliyopinda. Akianza kuwa na wasiwasi shingo inarefuka na mdomo unanyanyuka. Baada ya hapo anafunga mabawa yaliyokuwa wazi, anainama mbele kidogo, na mara nyingi anakunya kabla ya kuruka, apunguze mzigo. "Akirefuka nasimama," alituambia, "akifunga bawa narudi nyuma." Na kweli, mmoja aliporefuka, upondo ukakwama kwenye matope na boti ikasimama kabisa. Tulikaa bila kusema mpaka shingo ikalegea na kurudi kwenye pindo lake. Akasukuma tena.

Nikamkumbuka Mayu na kamba yake. Yeye na mwendesha boti wanasoma sekunde ileile, ile ambayo ndege bado hajaamua. Mayu huitumia kumfanya aruke, na huyu huitumia kumfanya abaki. Ningemweka mmoja mahali pa mwingine bila wasiwasi, na najua kwamba mpunga usingeliwa wala mnandi wasingeruka.

Juu yetu furukombe dume na jike walikuwa wakiitikiana kutoka miti miwili, kila mmoja akitupa kichwa nyuma mpaka kikakaribia mgongo. Rubondo wako wengi ajabu. Nawaogopea hata hivyo, maana ukanda wetu unakamatia dhahabu kwa zebaki, na zebaki ikifika majini haikai ilipomwagwa: huingia kwa viumbe wadogo, ikajikusanya kwa samaki, na zaidi kwa yule anayekula samaki. Furukombe yuko mwisho wa foleni hiyo, pamoja na sisi.

Mwendesha boti alikuwa amefika pia upande wa magharibi wa Kahama, kwenye mapori ya Kigosi na Moyowosi, na alituhadithia habari za huko kwa sauti ya mtu anayemsifu mwalimu. Kinamasi hicho ni sehemu ya eneo oevu la Malagarasi na Muyovozi, lenye hekta zipatazo 3,250,000, la kwanza Tanzania kuandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Humo anaishi korongo nyangumi, ndege wa kijivu anayekaribia kimo cha mtoto wa shule, mwenye mdomo mpana na mzito wenye kulabu kwenye ncha. Anasimama kwenye maji ya mafunjo, mdomo umeelekea chini, na anaweza kukaa hivyo kwa muda mrefu kuliko anavyoweza mtu anayemtazama. Anamngoja kamongo au kambare apande juu kuvuta hewa. Samaki akitokea, ndege hajitupi kwa mdomo peke yake. Anaanguka mzima, kichwa, mabawa na kifua, anamkumba samaki pamoja na magugu na matope. Kisha anainuka taratibu na kuanza kuyasukuma magugu nje kwa kingo za mdomo, mpaka anabaki na samaki tu. Siku za joto kali huchota maji kwa mdomo huohuo na kuyamwaga juu ya mayai yake. Wamebaki wachache duniani, watu wazima wake wakikadiriwa kati ya 3,300 na 5,300, kuanzia Sudan Kusini hadi Zambia, na baadhi yao wako safari ya siku moja kutoka mashine zetu za kukoboa. Watu wa Kahama wanaojua hilo ni wachache mno, na hainipendezi.

Kabla ya kurudi gatini afande alitoa daftari. Kila Januari, katika nchi nyingi za Afrika, watu hutoka kuhesabu ndege wa majini, na Tanzania iliwahi kufanya hesabu ya pamoja ya maeneo yake makubwa oevu Januari 1995. Yeye alijifunza kuhesabu kwa namna hiyo na hajaiacha, msimu wowote. Aliniuliza mnandi kwenye lile jiwe kubwa ni wangapi. Nikasema labda mia.

"Usiseme labda," akasema. "Hesabu kumi. Mmoja mmoja, mpaka kumi."

Nikahesabu kumi, kutoka ncha ya kushoto ya jiwe.

"Sasa tazama hao kumi wamechukua nafasi gani. Ishike nafasi hiyo machoni. Sasa ipange juu ya jiwe, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Pale walipobanana punguza nafasi. Walioko nyuma ya jiwe usiwaandike, maana hujawaona."

Nikapanga. Nikapata nafasi kumi na nne na ndege watatu pembeni. Mwendesha boti, ambaye alikuwa amehesabu kimya upande wake, akasema mia na arobaini na moja. Afande akaandika namba zote mbili, ya kwangu na ya mwenzangu, akaandika saa, upepo na jina la ghuba, akapiga mstari chini, na akaniomba nihesabu yangeyange waliokuwa kwenye mti wa pili.